Mafuta, Kostiki na Mizani: Kemia ya Sabuni ya Mche katika Mkoa wa Mara



Kwa mkemia, sabuni ya mche ni chumvi, zao la asidi na alikali. Asidi zimo ndani ya mafuta, zimeshikamana tatu tatu na gliserini. Alikali yetu, kostiki soda, hukata mshikamano huo; gliserini hujitenga, sodiamu yake ikaungana na asidi, sabuni ikapatikana. Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1823, ilhali sabuni ilikuwa imepikwa karne nyingi.

Kila molekuli ya sabuni ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Shati la mvuvi wa Mwigobero, mjini Musoma, likifuliwa, mikia huingia kwenye mafuta ya samaki, vichwa hubaki majini, na uchafu hung'oka. Povu si kipimo cha kazi hiyo. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu jingi, ya shahamu ya ng'ombe hutoa kidogo, na zote husafisha.

Wapishi wetu wa sabuni huulizana sana habari za rangi na manukato. Ningependa waulizane kwanza habari za mafuta. Bunda, hapa mkoani Mara, inalima pamba, na mbegu zake zina mafuta. Lakini karibu nusu ya asidi za mafuta hayo ni ya linoleiki, ambayo hutoa mche laini, unaowahi kuchacha. Shahamu hutoa mche mgumu. Mkoa wenye pamba na ng'ombe wengi kama wetu unaweza kuchanganya viwili hivyo, kimoja kikafidia upungufu wa kingine, bila kutegemea mawese ya Kigoma peke yake.

Hapo ndipo mizani inapohitajika. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya pamba au ya shahamu hula kama gramu 140 tu. Mama aliyezoea nazi akibadili mafuta asibadili kipimo, gramu zaidi ya 40 hubaki huru ndani ya sabuni, na mikono ya mfuaji ndiyo itakayoumia. Mpishi mwangalifu hupunguza kostiki kwa asilimia 5 hivi, ili kibaki kidogo cha mafuta badala ya alikali. Naomba pia tuache sufuria za aluminiamu: kostiki huzila, ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na kostiki ndiyo imiminwe kwenye maji. Maji yakimiminwa juu yake, huchemka ghafla na kuruka usoni.

Silikati ya sodiamu huongezwa ili mche uwe mgumu na wa bei nafuu. Kiasi kidogo kina faida, kikizidi mnunuzi anauziwa ugumu usio na mafuta. Mche mbichi nao una maji mengi. Aununuaye kwa uzito siku ya kukatwa analipia maji.

Mche ukikaushwa wiki 4, ukatwe. Kwenye uso mpya mkavu lidondoshwe tone la finolftalini, kitambuzi cha alikali, iliyoyeyushwa katika spiriti. Likigeuka rangi ya waridi iliyokolea, kostiki ingali huru, na mche huo usipelekwe sokoni.