Kupungua Mwili Uzeeni: Upungufu Wenye Maelezo na Usio na Maelezo

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Wilaya za Tarime na Serengeti



Nimeombwa leo niviweke kando vitabu vya hesabu na nizungumze nanyi juu ya chakula na uzito wa mwili kwa wanachama waliokwisha kuvuka umri wa miaka hamsini. Mimi si daktari. Nitakayoyasema ni yale ambayo matabibu na wauguzi wetu huyafundisha katika zahanati na vituo vya afya, nami nimeyapanga kwa jinsi inavyoeleweka na watu wa ushirika. Sababu ya kuyasema hapa ni dhahiri. Vyama vyetu vingi vinaongozwa na watu wazima. Katibu aliyefanya kazi miaka ishirini akipatwa na kiharusi katikati ya msimu wa ununuzi, chama hakipotezi mtu mmoja tu. Kinapoteza kumbukumbu ya mikataba, ya madeni na ya mipaka ya mashamba, ambayo nyingine haikuandikwa popote.

Naanza na jambo ambalo kila katibu wa chama cha kahawa analijua. Kahawa ya maganda ikianikwa ipasavyo, uzito wake hupungua, na hakuna anayeshtakiwa kwa hilo. Kilichotoka ni maji, na punje imebaki. Lakini magunia yakipungua ghalani pasipo hati inayoonyesha yalikokwenda, hapo hatuna budi kufunga mlango na kuanza ukaguzi. Mwili wa mtu mzima nao ni hivyo hivyo. Kuna kupungua kulikokusudiwa, na kuna kupungua kusikokuwa na maelezo. La kwanza lina namna yake njema ya kutendeka. La pili ni la kuchunguzwa upesi. Kosa kubwa katika vijiji vyetu ni kuyachanganya haya mawili.

Tumefikaje hapa?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni mbili za redio. Ya kwanza ni Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, na ya pili ni Chakula ni Uhai, ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kupanda bustani. Ile ya pili ilifuata ukame wa mwaka 1973 na 1974, wakati nchi ilipolazimika kununua nafaka ng'ambo. Watu waliopita katika njaa hiyo walijifunza kuuheshimu unene. Kitambi kilikuwa ushahidi kwamba nyumba ina akiba. Hata leo mgeni akirudi kijijini husifiwa kwa kuambiwa, "Umenenepa!"

Lakini maisha yamebadilika. Mwanachama wa Muriba au Nyamwaga ambaye zamani alipanda mlima kwa miguu na gunia begani, leo anapakia gunia juu ya bodaboda, naye anapanda nyuma yake. Mwanachama wa Nata au Issenye ambaye alifuata ng'ombe mchana kutwa, sasa kazi hiyo inafanywa na wajukuu. Yeye ameketi kivulini akiamua mashauri na kuhudhuria vikao. Kazi imepungua, ila tonge halikupungua. Zaidi ya hayo, ugali wa udaga, mtama na ulezi umeachia nafasi sembe nyeupe. Na chapati, andazi na soda, ambavyo vilikuwa vya sikukuu, sasa ni vya kila siku.

Kuna kipimo kisichohitaji fedha. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje mara mbili, kisha izungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta pumzi ndani, vema. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, na hatari ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo imeongezeka. Kwa mizani, mtu mwenye kimo cha mita 1.65 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi anapopita kilo 68, na kuwa na unene wa kupindukia anapofika kilo 82.

Tukague matumizi ya kila siku

Ndugu wanachama, hasara kubwa za vyama mara nyingi hazitokani na wizi mmoja mkubwa. Hutokana na matumizi madogo madogo ambayo hakuna aliyeyajumlisha. Tuijumlishe basi sukari ya chai. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hutumia vijiko 12. Kijiko cha chai kikichukua gramu 4, hizo ni gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, na zaidi ya kilo 17 kwa mwaka. Soda moja ya kikaoni nayo huongeza gramu 35 hivi. Haishibishi, wala haimwondolei mtu haja ya chakula cha mchana. Mwenye kupunguza kijiko kimoja kila wiki mpaka akazoea chai isiyo na sukari, atakuwa amefanya nusu ya kazi bila kuugusa ugali.

La pili ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Mama anayepika kwa kumimina kutoka chupani na apime kwa kijiko. La tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ikiwamo ile ya dagaa waliotiwa chumvi na ya nyama choma ya mnadani.

La nne ni sinia. Kula pamoja ni mila njema, wala sisemi iachwe. Lakini mkono unaochota sinia moja na vijana wanaotoka kulima haujui umechota kiasi gani. Mzee anayetaka kupungua na apakuliwe sahani yake, akae na wenzake vile vile. Nusu ya sahani iwe mboga: mgagani, mnavu, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele au mchicha. Robo iwe ugali, na afadhali uwe wa dona, mtama au ulezi. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Chakula cha usiku kisiwe kikubwa kuliko vyote kwa sababu tu ndicho kinacholiwa kwa utulivu.

Punje isipotee

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa maana ndipo watu wazima wengi hukosea. Mtu akiamua kupungua kwa kushinda njaa, au kwa kunywa dawa za kuharisha zinazouzwa minadani, uzito utashuka kweli. Lakini kitakachotoka si mafuta peke yake. Misuli nayo itatoka, na baada ya miaka sitini misuli iliyopotea hurudi kwa shida. Mzee wa namna hiyo atakuwa mwembamba, lakini hawezi kuinuka kitini bila kushikwa, na akianguka huvunjika nyonga. Ni sawa na kuanika kahawa mpaka punje ikapasuka.

Basi, kupungua kuwe kwa polepole. Nusu kilo kwa wiki ni nyingi ya kutosha. Mwenye kilo 82 akipungua kilo 4 katika miezi sita, hiyo ni asilimia 5 hivi, na waganga wanasema kiasi hicho huanza kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari ya damu. Wakati huo huo, chakula cha kujenga mwili kisipunguzwe hata kidogo. Mtu mzima wa umri huo anahitaji gramu 1 hivi ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16 hivi, yai moja lina gramu 6, na gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 na kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaofika katika masoko yetu ni hazina ya bei nafuu, na maziwa ya mgando tunayo nyumbani.

Nawakumbusha hasa juu ya bibi zetu. Katika nyumba nyingi nyama huwafikia wanaume kwanza, na bibi hupata mchuzi. Huyo anaweza kuwa mnene kwa ugali na chai ya sukari, na hali misuli yake ina njaa.

Misuli pia hudumishwa kwa kazi. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, hutimiza dakika 150 zinazoshauriwa. Siku mbili au zaidi katika wiki, mzee na afanye jambo la kutumia nguvu: apalilie bustani, abebe ndoo ndogo, au ainuke juu ya kigoda mara kumi bila kujishika. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asibadili ulaji wake kabla ya kuonana na tabibu, kwa kuwa chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia.

Upungufu usio na maelezo

Sasa nageukia upande wa pili. Mtu asiyekusudia kupungua, naye amepoteza asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita hadi kumi na miwili, anapaswa kwenda kupimwa. Kwa mwenye kilo 70, hizo ni kilo 3 na nusu tu. Dalili ya kwanza huwa suruali iliyolegea na mkanda uliotobolewa tundu jipya.

Mtunza ghala wa chama kimoja alianza kupungua baada ya msimu. Wengine walimpongeza kwamba amepata mwili wa ujana. Wengine walinong'ona kwamba amelogwa, na wengine walitaja Ukimwi kwa sauti ya chini. Yeye mwenyewe, kwa kuogopa maneno, hakwenda kokote, na alikohoa miezi mitatu. Hatimaye binti yake alimpeleka hospitali, akaonekana ana kifua kikuu. Alitumia dawa kwa muda wa miezi sita bila malipo, akapona, akarudi ghalani. Lakini katika miezi ile mitatu aliketi chumba kimoja na watu wengi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu. Kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari, ugonjwa unaoweza pia kumkondesha mtu. Chakula kinachokwama kooni, au damu katika choo, ni mambo ya kupelekwa hospitali ya Tarime au Mugumu bila kungoja mavuno. Virusi vya Ukimwi navyo vina dawa, na anayezianza mapema huishi na kufanya kazi. Kwa hiyo kunong'ona si msaada. Msaada ni kumwambia mtu, "Mzee wangu, nimeona umepungua; kesho nitakusindikiza zahanati."

Zipo pia sababu zisizo ugonjwa. Mzee aliyeng'oka meno huacha nyama na mahindi, kisha huacha karibu kila kitu. Apikiwe uji wa ulezi wenye maziwa, maharage yaliyopondwa, na dagaa waliosagwa. Mjane au mgane anayekula peke yake huona uvivu wa kupika. Dawa yake ni jirani anayemwita mezani.

Chama kifanye nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chenye mizani ya kusimama juu yake, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kiwaruhusu wanachama kujipima mara moja kwa mwezi, asubuhi, bila viatu. Kila mmoja aandike katika daftari lake mwenyewe. Uzito wa mtu si wa kubandikwa ukutani. Pili, fungu la viburudisho vya vikao litumike kwa maji, karanga za kuchemsha, ndizi na uji usio na sukari, badala ya soda na maandazi. Tatu, Mkutano Mkuu unapoitishwa, katibu amwombe mganga wa zahanati aje na kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari.

Ndugu wanachama, sisi hupima kilo za mazao kwa uangalifu kwa sababu ni jasho letu. Mwili uliotoa jasho hilo nao unastahili kupimwa. Anayepungua kwa kukusudia, apungue polepole na alinde misuli yake. Anayepungua bila kukusudia, asingoje kusifiwa wala kusengenywa, aende apimwe.