Shule ya Vidudu Karibu na Nyumbani

(Mazungumzo na wanakisomo wa Mbinga na wa kando ya Ziwa Nyasa)



Leo tuzungumze juu ya watoto ambao hawajafika umri wa darasa la kwanza. Tunasema wale wa miaka mitatu, minne na mitano. Wazazi wengi wametuuliza: je, tulipe ada kwa shule ndogo ya mtu binafsi hapa kijijini, au tungoje darasa la awali la Serikali lisilo na ada? Swali ni zuri. Jibu lake si moja kwa wote.

Tazameni hali ilivyo. Huku milimani nyumba zetu zimetawanyika. Mama anakwenda kuchimba ngolo upande huu wa kilima, shule ya msingi iko upande wa pili, na katikati kuna mto. Wakati wa mvua mtoto wa miaka minne haiwezi njia hiyo. Kule chini ziwani mambo ni mengine. Baba amelala, maana amevua usiku kucha. Mama anaanika dagaa mchangani. Mtoto anacheza peke yake ukingoni mwa maji. Hatari yake tunaijua sote. Basi mzazi anayetafuta mahali pa kumweka mtoto wake asubuhi si mvivu, wala hajidai.

Wenye uwezo kidogo walizoea kuwapeleka wadogo hao bweni mjini. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sisi tunaona ni sawa. Mtoto anayemlilia mama yake usiku, mchana atasoma nini? Lakini kama mtoto haendi mbali, shule haina budi kumfuata alipo. Ndiyo maana tunataka shule ya kutwa, ndogo, iliyo karibu.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi wa mtaa ule walikwenda kazini, na watoto wakabaki kuzurura. Daktari huyu hakuwaketisha kutwa nzima kuimba herufi. Aliwapa vitu vya kushika, na kazi za kweli: kufagia, kunawa, kumimina maji bila kumwaga. Mpaka leo masista na walimu wengi wa Tanzania wanafuata njia yake.

Na hapa hapa mkoani Ruvuma, kule Litowa katika Songea, wanakijiji wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma waliendesha shule yao wenyewe katika miaka ya 1960. Chama kilivunjwa mwaka 1969. Shule ile haikuwa ya vidudu, lakini inatuonyesha kwamba wazazi wakulima wanaweza kuwa na sauti katika shule.

Sasa mzazi atajuaje shule nzuri? Asitazame rangi ya ukuta wala soksi za watoto. Aende asubuhi bila kutoa habari, akae saa moja. Je, watoto wanacheza, au wamepangwa kama magunia ya kahawa? Mlezi ameshika fimbo? Tundu la choo ni dogo, lisiloweza kumeza mtoto? Maji ya kunawa yapo? Uji unapikwa kweli, au sufuria ni ya kuonyesha wageni? Mlango unafungwa kwa komeo la nje? Kama ni hivyo, ondoka na mwanao. Hiyo si shule, ni ghala.

Vifaa vya kuchezea havihitaji duka la mjini. Magunzi, mbegu, vifuniko vya chupa, udongo wa kufinyanga, vinatosha. Mtoto anayepanga mbegu kumi na kuondoa tatu amekwisha kuanza hesabu.

Na hili la Kiingereza. Wako wazazi wanaofurahi sana mtoto akisema "gudi moningi" jioni. Wacheke wenyewe. Mtoto mdogo hujifunza kufikiri kwa lugha anayoielewa. Amwambie mlezi kwa Kiswahili kwamba tumbo linauma, asikie hadithi za bibi yake wa Kimatengo au Kinyasa, ndipo lugha nyingine ije juu yake. Shule inayowapa mitihani watoto wa miaka minne inawauzia wazazi karatasi.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo shule ndogo nyingi zinapofia. Chukueni kalamu. Hesabu hii ni ya mfano tu. Watoto ni 25, kila mzazi anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi. Jumla ni 500,000. Mlezi apate 380,000. Uji na kuni 90,000. Zinabaki 30,000 za chaki, sabuni na kuziba bati linalovuja. Sasa wazazi watano wasilipe. Zinapatikana 400,000. Mkimlipa mlezi, zimebaki 20,000, na uji umekwisha kabla ya wiki ya pili. Mlezi naye akikosa mshahara miezi miwili, ataondoka. Mtamlaumu?

Kosa mara nyingi si la moyo, ni la majira. Mkulima wa kahawa hana fedha kila mwezi. Anazo akiuza. Basi na alipe miezi yote kumi, yaani 200,000, wakati wa mauzo. Mvuvi wa dagaa hupata usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka hapati kitu. Mkataba wake ufuate mwezi wa angani. Mwenye shule akikataa kupatana hivi, hawajui watu anaoishi nao. Na hesabu zote zibandikwe ukutani. Ninyi mnasoma sasa, kazi ya kuzikagua ni yenu.

Mwisho ni usajili. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Mbinga au Nyasa. Darasa la awali la binafsi husajiliwa na Wizara ya Elimu. Mwulizeni mwenye shule awaonyeshe cheti, mkisome wenyewe. Na kama darasa la awali la Serikali liko karibu, mlezi ni mwema na watoto hawajazidi mno, mpelekeni huko, ada mnunulie maziwa.

Aliye na swali asimame. Waanze wa kutoka ziwani, wana safari ndefu.