Thamani ya Motokaa Iliyokuwa na Kovu



Mwenzetu mmoja, karani kama sisi, alinunua motokaa kwa mkopo, akaikatia bima kubwa. Ikagongwa mlango, kampuni ikamlipa gharama ya matengenezo. Fedha hizo alizilipia ada ya watoto, mlango ukabaki vile vile. Baadaye motokaa ikapinduka, isifae tena kutengenezwa. Alipoona malipo yamepunguzwa alisema, "Nimeibiwa." Je, ni kweli?

Bima haikuwekwa kumtajirisha mtu, bali kumrudisha pale alipokuwa kabla ya hasara. Kanuni hiyo ilielezwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1883, katika kesi ya Castellain na Preston. Kwa hiyo mkadiri hujiuliza: dakika moja kabla ya ajali, mnunuzi angaliinunua motokaa hii kwa bei gani, pamoja na makovu yake? Kiasi kilichoandikwa katika hati ya bima ni kikomo, si ahadi.

Tufanye hesabu. Motokaa nzima ya namna hiyo yauzwa shilingi 12,000,000. Kovu lapunguza bei kwa 900,000, zabaki 11,100,000. Huondolewa sehemu ya hasara anayojichukulia mwenye bima, tuseme 500,000, hulipwa 10,600,000. Akitaka kubaki na mabaki yenye thamani ya 2,000,000, atapokea 8,600,000.

Basi mwenzetu hakuonewa kwa kukatwa, maana mlango ule alikwisha kulipwa. Lakini alikatwa 1,800,000, yaani bei ya mlango mpya na rangi ya ubavu mzima. Hapo alikuwa na neno la haki: kipasacho kuondolewa ni upungufu wa bei sokoni, wala si gharama ya kuifanya motokaa iwe mpya. Aliomba hesabu kwa maandishi, akapeleka bei za motokaa kuukuu zilizo sawa na yake. Makato yakapunguzwa, naye akaweza kumaliza deni lake.

Ndugu, sisi tunaotunza majalada ya watu wengine, tutunze na yetu. Ukitengeneza kovu, weka stakabadhi ya fundi na picha, usipotengeneza, usilifiche. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.