Elimo Njau na Vijana wa Disko Matanga
Hotuba kwa viongozi wa makanisa, kwaya na vikundi vya vijana wa Kocholia, Amagoro na Malaba



Hakuna asiyeijua disko matanga. Mtu akifariki, spika kubwa hukodishwa, muziki hupigwa usiku kucha, na wanaocheza hutoa pesa za kusaidia mazishi. Kusudi la kwanza lilikuwa jema. Jeneza lina bei, gari la kuleta mwili lina bei, na wageni lazima wale. Lakini usiku huohuo wasichana wa shule wametendewa maovu gizani, na wengine wamerudi nyumbani wakiwa na mimba. Machifu katika kaunti za magharibi wameipiga marufuku tena na tena, na makanisa yameikemea kila Jumapili. Bado spika hulia.

Sababu moja husemwa kwa nadra. Kijana anayependa ngoma, uimbaji au uchoraji hana mahali pengine pa kwenda. Kanisa limemwambia asiende kule, halafu likafunga mlango wa ukumbi wake kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Afrika Mashariki ilipata Mkristo aliyelijibu jambo hili kwa brashi, na baadaye kwa nyumba yake mwenyewe. Jina lake ni Elimo Njau.

Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, eneo ambalo Walutheri walikuwa wamejenga makanisa na shule. Alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Mwaka 1959 alichora kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Kanisa hilo lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilikuwa haijaondolewa. Katika nchi hiyo kulikuwa na familia zilizozika watu wao waliouawa na Mau Mau, na familia ambazo watu wao walikamatwa na serikali ya mkoloni na kutiwa kizuizini. Mara nyingine zilikuwa familia za ukoo mmoja.

Njau alichora picha tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika. Wanafunzi wake ni Waafrika, na nchi wanayotembea ni nchi ya Murang'a. Leo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule Mkristo alizoea picha ndogo za shule ya Jumapili zenye Yesu wa nywele rangi ya mahindi, na wengi waliamini kwamba hivyo ndivyo inavyopasa. Mjane aliyeketi mbele ya ukuta ule aliona mateso ya Kristo yakitokea katika nchi yake. Mahubiri ya kulaumu upande mmoja au mwingine yasingeweza kumpa faraja hiyo, na inawezekana yangemwongezea uchungu.

Kwa Njau, imani na uchoraji vilikuwa kazi moja. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kuiga kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Ni fundisho kali, na mwalimu wa kwaya anayefundisha nyimbo za kunakiliwa kutoka kwenye simu pekee anaweza kulichukia. Lakini linawahusu sana watu wa Teso, ambao wana adeudeu, kinubi ambacho wazee wamekipiga pande zote mbili za mpaka. Kuna makanisa yanayonunua kinanda cha umeme kwa harambee, huku mpiga adeudeu akiketi nyuma kama mgeni.

Mwaka 1965, Njau na wenzake, wakiwemo mwandishi Rebecca Njau, mshairi Jonathan Kariara na wakili Pherozeh Nowrojee, walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina lenyewe ni mchezo wa Kiswahili: paa ni mnyama, na kupaa ni kuruka juu. (Anayetaka kuongeza paa la nyumba hakatazwi; wasanii wengi walilala salama chini yake.) Ilikuwa nyumba ya sanaa ya Waafrika wenyewe, wakati kumbi nyingi za Nairobi zilikuwa mikononi mwa wageni. Baadaye ilihamia Ridgeways, karibu na barabara ya Kiambu, ambako Elimo na mkewe Phillda waliishi na kuiendesha. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba hiyo pamoja na kazi za miaka mingi. Hawakufunga. Waliendelea kupokea wasanii na watoto katika uwanja uleule.

Kusaidia wengine kwa namna hii kunagharimu kuliko kutoa mchango. Mchango hutolewa mara moja na mtu akaenda zake. Anayempa kijana chumba lazima avumilie kelele, rangi iliyomwagika na maswali yasiyoisha.

Kocholia haihitaji kuanza na jambo kubwa. Kijana anayeandika mabango ya saluni na kupamba malori pale Malaba anaweza kupewa ukuta mmoja wa kanisa, alipwe rangi na siku zake za kazi. Ukumbi unaweza kufunguliwa alasiri mbili kwa juma, mtu mzima anayeaminika akiwepo. Harambee ya mazishi inaweza kufanyika mchana, kwaya na wapiga adeudeu wakiimba, na kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Waimbaji nao wapewe chao. Mwenye spika hulipwa bila kuombewa. Kwaya hupewa soda na shukrani.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shughuli za utamaduni, maktaba na makavazi, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mkazi anayedai nafasi ya sanaa katika mikutano ya maoni ya bajeti haombi hisani. Vikundi vya kwaya na vijana vifike kwenye mikutano hiyo vikiwa na ombi lililoandikwa, lenye kiasi cha fedha na mahali.

Hadi hapo, mzazi au jirani anayejua mtoto aliyedhuriwa kwenye matanga asingoje mazishi yapite. Simu 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia hazina malipo, na mtoto apelekwe hospitalini ndani ya saa 72, kabla hajaoga na kabla nguo zake hazijafuliwa.