Wakiahidi kudhibiti kodi ya nyumba, waulize kikomo ni shilingi ngapi

Nimeandika niliyoyasema kwenye mkutano wa ploti yetu, yawafikie na waliokuwa kazini.

Kila msimu wa kura tunaambiwa, "Tutadhibiti kodi ya nyumba." Tunapiga makofi. Kumbe sheria tayari iko! Ni ya mwaka 1959, Sura ya 296, na ina baraza lake la kusikiza kesi za mpangaji na mwenye nyumba. Lakini inalinda nyumba ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba zilizokuwa na wapangaji enzi hizo, hesabu inaanzia kodi ya tarehe 1 Januari 1981. Hebu nionyesheni bedsita ya 2,500 hapa Umoja. Mimi nina barua mfukoni: kutoka 18,000 hadi 22,000 kuanzia mwezi ujao. Kikomo hicho kimeniacha nje, na nyinyi pia.

Sasa, kabla sijarudi nyumbani niliishi Bronx, jijini New York. Kule nyumba zenye kodi iliyodhibitiwa zinakaribia milioni moja, nyingi zikiwa kwenye majengo ya nyumba 6 au zaidi yaliyojengwa kabla ya 1974. Kwa hivyo nilianza kwa kuuliza umri wa jengo. Nikapata moja linalosifiwa na waliokaa humo: lifti inafanya kazi, maji moto yapo, baridi ikija mitambo ya joto inawashwa. Kupata nafasi ilikuwa kazi, maana aliye ndani hatoki. Tena mwenye jengo alitaka mapato ya mwaka yafike kodi ya mwezi mara 40. Lo!

Huku kwetu ploti ikisifiwa hivyo, unajua nyongeza iko njiani. Kule si mwenye nyumba anayeamua. Kuna bodi ya watu 9 inayopiga kura kila mwaka. Mwaka 2015 na 2016 walisema sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja. 2022 wakasema asilimia 3.25. Mkataba ukiisha una haki ya kuongezewa mwingine. Na nilipohamia, niliomba idara ya nyumba ya jimbo historia ya kodi ya nyumba yangu, nikaona waliotangulia walitozwa ngapi. Ukikuta umezidishiwa, unalalamika ukiwa na karatasi mkononi.

Si peponi, jamani. Asiyebahatika kupata nyumba hizo analipa bei ya soko, na ni kali. Wenye majengo nao wanasema tangu sheria ya 2019 hawawezi kurudisha gharama za ukarabati mkubwa, ndiyo maana nyumba nyingine kuukuu zimefungwa tupu. Hoja hiyo siipuuzi. Hata hapa, ukibana kodi bila kufikiria paa na mabomba, tutakaa kwa nyumba zinazovuja.

Basi wagombea wakija Jumamosi, mimi sitawauliza kama wanatupenda. Nitauliza hiyo 2,500 wataifanya ngapi, nani atakuwa akiibadilisha, na kila baada ya muda gani. Mwenye barua kama yangu aje nayo.