Nishati ya Chakula Kisicho na Lebo: Maji, Mafuta na Mizani ya Jikoni

Kalori ilikuwa kipimo cha joto kabla ya kuwa kipimo cha chakula. Kilokalori moja, ambayo katika mazungumzo ya kawaida huitwa kalori tu, ni joto linalotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na ndiyo sababu watafiti wa mwanzo walikichoma chakula ndani ya kalorimita, yaani chombo cha chuma kilichojazwa oksijeni na kuzamishwa majini, kisha wakapima maji hayo yamepata joto kiasi gani. Lakini tumbo halichomi kila kinacholiingia. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia wa Marekani Wilbur Atwater aliiondoa katika hesabu nishati inayotoka na kinyesi na mkojo, akafikia viwango vinavyotumika hadi leo: kilokalori 4 kwa gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta.

Lebo nyingi za viwandani hutokana na viwango hivyo, kwa hiyo nazo ni makadirio. Huko Marekani sheria huvumilia chakula kilichopimwa na kuonekana kuzidi lebo yake kwa hadi asilimia 20. Anayekadiria sahani ya mama lishe hana sababu ya kuona haya.

Msaada wake wa kwanza ni majedwali ya viinilishe, mathalani ya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, ambayo huonyesha kilichomo katika gramu 100 za sehemu inayoliwa ya kila chakula. Kasoro ni kwamba jedwali halikijui chungu cha mpishi. Kilo moja ya unga wa sembe ina takriban kilokalori 3,600. Ikisongwa ukatoka ugali wa kilo 3, gramu 100 za ugali huo zina kilokalori 120, ilhali ukisongwa mgumu ukawa wa kilo 2.5, gramu hizo hizo zina 144. Unga haukubadilika, kilichobadilika ni maji, ambayo hayana kalori hata moja ingawa ndiyo yanayoijaza sahani na kulidanganya jicho. Njia ya kuaminika, basi, ni kupima viambato vikiwa vibichi, kujumlisha nishati yake, kisha kupima chakula kilichoiva pamoja na sufuria na kutoa uzito wa sufuria uliopimwa ikiwa tupu.

Ikiwa maji hulidanganya jicho kwa kujaza, mafuta hulidanganya kwa kujificha. Kilo moja ya unga wa ngano ina takriban kilokalori 3,640, na mafuta gramu 180 yaliyokandwa na kupakwa huongeza zaidi ya 1,600. Zikitoka chapati 15, kila moja ina kama 350, na karibu theluthi yake ni mafuta ambayo mlaji hayaoni. Kwa maandazi hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta hubaki karaini, hivyo hupimwa mafuta yaliyotiwa na yaliyosalia, na tofauti ndiyo iliyonyonywa, ukiacha kidogo kilichoruka na kumwagika.

Nazi ndiyo inayowakosesha wengi. Anayeandaa wali wa nazi akichukua kutoka jedwalini thamani ya nazi iliyokunwa, ambayo ni takriban kilokalori 350 kwa gramu 100, atakuwa amezidisha, kwa sababu chicha linalotupwa baada ya kukamua huondoka na sehemu ya mafuta. Kiasi hicho hutegemea nguvu ya mkono, joto la maji na idadi ya mikamuo, nacho hakiwezi kuandikwa mara moja kwa wapishi wote. Tui zito na tui jepesi kutoka nazi moja ni vyakula viwili tofauti kwa mwenye kuhesabu.

Hatimaye hubaki swali la kipimo cha mlo, ambalo jikoni hutatuliwa kwa upawa. Upawa mmoja ukipimwa mara tano au sita kwa mkono wa mpakuaji yule yule, huonekana wastani na pia mtawanyiko, yaani umbali kati ya upawa mdogo na mkubwa, na mtawanyiko huo ndio unaoamuru jibu liandikwe vipi: sahani yenye kilokalori kati ya 600 na 700, kamwe si 647.