Hotuba ya Mahafali kwa Wahitimu wa Afya ya Mifugo, Diani

Ada ya mahafali ni msemaji kusifu. Mimi naomba idhini niseme juu ya kuwashwa kwa ng'ombe.

Mwaka 1966 mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, walitangaza kutoka Denver, Marekani, kwamba wameipata kingamwili ya mzio, ambayo mwaka 1968 ilipewa rasmi herufi E. Na kwa kuwa wanadamu huijua kwa pumu, chafya na vipele, wengi wameidhania kuwa adui tu. Ng'ombe naye anayo. Humdhuru, kama yule Jersey ambaye maziwa yakikawia kiweleni hupenya damuni, akatutumka mwili kwa maziwa yake mwenyewe. Lakini pia ni mojawapo ya silaha zake dhidi ya kupe, kwani kupe atoboapo ngozi iliyokwisha kuyatambua mate yake, histamini humwagika, pakafura, pakawasha, naye ng'ombe akajilamba hata kupe akang'oka kabla hajashiba. Katika kumkinza kupe, zebu wetu wenye nundu, wachungwao na Waduruma na Wadigo, ni hodari kuliko ng'ombe wa Ulaya, nami, bila ya kumvunjia heshima mwenye Friesian yake, naona ni dhulma kuwaita duni kwa uchache wa maziwa.

Hata hivyo kingamwili zina mipaka. Vijidudu vya ndigana kali hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zisimofika kingamwili, na ndiyo sababu chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 humpa mnyama vijidudu vilivyo hai pamoja na oksitetrasaiklini, apate kuugua kidogo na kukingika. Nagana ya mbung'o wa Shimba Hills ni hila kubwa zaidi: vimelea vyake hubadili joho kila vinapotambuliwa.

Jambo moja, wahitimu, li mikononi mwenu kabisa. Ndama huzaliwa bila ya kingamwili za mamake, kwa kuwa kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Huzipata katika dang'a, na utumbo wake huacha kuzipokea baada ya takriban saa 24. Basi nawasihi, mkiitwa zizini usiku wa manane, kabla ya kufungua mkoba wa dawa, ulizeni kwanza kama ndama amenyonya dang'a.